Ukame, Mapipa na Homa: Chuo Kikuu Kigharamie Utafiti Gani Lamu?

Assalaam alaykum, wazee wetu, kina mama, walimu na wanafunzi.

Mwaka 2004 homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu, iliipiga Lamu. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba takriban watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Na haukuwa wakati wa mvua nyingi. Ulikuwa ukame wenye joto. Maji yakiadimika watu huyaweka akiba, pipa halimwagwi wala halisuguliwi, na mbu aina ya Aedes aegypti hutaga ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Katika joto la Pwani, yai huweza kuwa mbu kwa muda wa siku 7 hadi 10.

Swali la jinsi ukame na mapipa yanavyohusiana na homa, idara moja haiwezi kulibeba. Linamhitaji mtu wa hali ya hewa, wa wadudu, daktari, na hata anayejua majengo yetu. Katika nyumba za kale za mawe, birika la chooni lilitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na ndani yake, chini kabisa, likajengewa bakuli la kauri ili samaki wasikose maji birika likipungua. Pipa la plastiki halina samaki wala bakuli. Badiliko hilo la chombo ni jambo la kuchunguzwa sawasawa na joto lenyewe.

Sasa fedha. Ruzuku ikigawanywa idara kwa idara, mwisho wake ni ripoti tatu zilizobanwa kwa pini moja. Afadhali iwe bajeti moja, chini ya watafiti wawili wa vitivo tofauti wanaotia sahihi pamoja.

Kifungu kinachosahaulika mno, nami nakisisitiza, ni mshahara wa msimamizi wa takwimu. Vipimo vya hali ya hewa ni vya kila siku, vya kituo kimoja. Taarifa za magonjwa hujumlishwa kwa wiki, tena kwa zahanati: mgonjwa wa kijiji cha Shela akitibiwa mjini, huhesabiwa mjini. Homa isiyopimwa maabara huenda ikaandikwa malaria. Isitoshe, joto la leo halileti mgonjwa leo. Kuna siku za mbu kukua, za kirusi kuongezeka ndani yake, kisha 3 hadi 7 kabla mtu hajashikwa na homa. Ukilinganisha wiki ileile kwa wiki ileile, utadai hakuna uhusiano, na utakuwa umepotosha watu. Kazi hii huchukua miezi. Si ya kumbebesha mwanafunzi bure.

Vibali navyo: kwanza cha kamati ya maadili, halafu leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, halafu ruhusa ya idara ya afya ya kaunti. Taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, basi majina yaondolewe kabla hazijatoka zahanati. Takwimu za Idara ya Hali ya Hewa hulipiwa, zitengewe fungu. Muda wa ruzuku uhesabiwe tangu leseni itoke, na usipungue miaka miwili, ili kaskazi na masika zipimwe mara mbili. Ruzuku ya mwaka mmoja huliwa na vibali.

Chuo kianze na kiasi kidogo: mapipa na mabirika ya mitaa ya Mkomani na Langoni yahesabiwe kila wiki, wahudumu wa afya ya jamii wakilipwa kwa kazi hiyo. Kwa takwimu hizo ndipo ombi kubwa lipelekwe kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti.