Kiti Kando ya Kitanda cha Leba

Wakubwa zangu, shikamooni. Wakunga wenzangu, wanafunzi, na akina mama mliokuja na watoto, karibuni.

Ile methali ya usitukane wakunga na uzazi ungalipo tumeizoea ikitulinda sisi. Leo naomba niigeuze: sisi tunamtukana mzazi mara ngapi? Nimefanya kazi katika leba ambako binti akipiga kelele aliulizwa, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulilia?" Nilisikia nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Mkunga mmoja mwenye wazazi sita usiku kucha huchoka, na aliyechoka hutaka uchungu uende mbio. Tulifundishwa njia ifunguke sentimita moja kila saa. Asiyefikia, atundikiwe dripu ya kuongeza uchungu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kasi hiyo ni kubwa mno kwa baadhi ya wanawake, na kwamba uchungu uliokolea uhesabiwe kuanzia sentimita 5. Jamani, hilo ni jambo kubwa! Mama ana sentimita 4, mtoto yuko salama, presha iko sawa: dripu ya nini? Mwacheni atembee, anywe chai, akandwe kiuno. Mimi kila nusu saa nainama na kile kitarumbeta chetu cha kumsikilizia mtoto, natega sikio tumboni, nahesabu mapigo ya moyo wake. Damu ikimwagika, hapo sisubiri hata dakika. Namwita daktari huku dawa iko mkononi.

Halafu asiachwe peke yake. Uchambuzi wa majaribio 26, yenye wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kwamba mzazi mwenye mtu wa kukaa naye muda wote huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, na uchungu wake hufupika. Wakuu wa vituo mnatujibu kwamba vitanda vimebanana, ndugu wataona wazazi wengine. Basi tupeni pazia na kiti cha plastiki.

Kwetu tulivipata. Juzi binti amezaa amechuchumaa, ameng'ang'ania mabega ya shangazi yake. Nikamweka mtoto kifuani kwa mama, nikawafunika khanga.

"Nesi, mbona hukati kitovu?" shangazi akauliza.

"Tazama, bado kinadunda. Damu ya mtoto inamalizikia kuingia."

Akarudi kwenye kiti chake. Tukasubiri, mpaka kikatulia.