Octavia Butler na mlango wa nyuma

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Nianze na mkono. Riwaya ya Kindred ya Octavia Butler, mwandishi Mmarekani Mweusi, iliyotoka mwaka 1979, inafunguliwa na mwanamke anayetuarifu kwamba safari ya mwisho imemgharimu mkono wa kushoto. Huyo ni Dana, Mmarekani Mweusi anayeishi Los Angeles mwaka 1976. Kila mara babu yake wa kale, Mzungu mwenye watumwa, akikaribia kufa, Dana hunyakuliwa ghafla hadi Maryland ya karne ya 19. Asipomwokoa, ukoo wake hautazaliwa. Hakuna mtambo wa kumrudisha nyuma wakati wala maelezo ya kitaalamu, anatoweka tu.

Butler aliyatoa wapi haya? Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, na mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani. Mtoto alikuwa akifuatana naye kazini, akamwona akipita mlango wa nyuma, akisemwa vibaya mbele yake na kunyamaza kama hakusikia. Binti aliona aibu, tena akamlaumu mama. Ukubwani ndipo alipoelewa kwamba chakula chake kilitokana na ukimya ule. Basi akamtuma Dana utumwani, ili msomaji ajipime: mimi ningenyamaza, au ningekufa siku ya kwanza?

Mama huyohuyo ndiye aliyebeba nyumbani vitabu vilivyotupwa na matajiri wake, akamnunulia bintiye taipureta akiwa na miaka 10. Alipofika 12, Octavia alitazama kwenye televisheni filamu mbovu kuhusu mwanamke kutoka Mars, akajiambia hata yeye angeandika nzuri kuliko hiyo. (Filamu mbovu nazo zina thawabu zao.) Ikafuata miaka ya vibarua: kuosha vyombo, kukagua krispi kiwandani, na kuamka saa nane usiku aandike kabla hajaenda kazini.

Tuzo sitazihesabu, ila moja: mwaka 1995 alikuwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi ya sayansi kupata ruzuku ya MacArthur, ile ya Marekani inayopewa watu wenye ubunifu wa kipekee. Alifariki mwaka 2006, akiwa na miaka 58.

Makaratasi yake yapo maktaba ya Huntington, San Marino, jirani kabisa na alikozaliwa. Kwenye daftari moja la mwaka 1988 amejiandikia kwamba vitabu vyake vitaingia orodha za vinavyouzwa sana, kisha akajiamuru ahakikishe. Parable of the Sower, riwaya yake ya mwaka 1993, iliingia orodha ya New York Times Septemba 2020.