Tosamaganga: Geukeni Mtazame Kalenga

Kamwene! Waliojibu ni wa hapa. Waliokaa kimya, karibuni Iringa.

Siku moja mji ulikuwa kwenye shamrashamra. Bendera Miyomboni, ngoma Uhindini, spika zinashindana kupayuka. Mimi na wanafunzi wangu tukashika njia ya Tosamaganga, misheni ya zamani ya Kikatoliki nje ya mji. Kosta tuliyokodi ilichelewa saa mbili nzima (ya nani, sisemi), tukafika saa sita, na bado jua halijaushinda ubaridi wa Julai.

Vijana wakakimbilia kupiga picha kanisa. Nikawaambia: lipeni kanisa kisogo, mtazame upande wa Kalenga. Ile ndiyo iliyokuwa ngome ya Mkwawa, mtwa, yaani chifu, wa Wahehe, na Wajerumani waliiteka kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Mwenyewe hawakumpata. Aliingia porini, akawasumbua hadi Julai 1898 alipojipiga risasi. Sasa angalieni: Wabenediktini wa Kijerumani walianzisha misheni hapa kilimani yeye akiwa bado anasakwa! Hebu mfikirieni Mhehe wa siku zile: mchana anawaona mapadri wakipima viwanja, usiku anampelekea mtwa wake chakula.

Na jina lenyewe? Tosa maganga, rusha mawe. Nani alimrushia nani? Muulize mzee wa hapa, halafu muulize na jirani yake.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani, wakaja Waitaliano, Wamisionari wa Konsolata kutoka Torino, shirika la Giuseppe Allamano aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Iringa ikawa jimbo kamili mwaka 1953, na kanisa kuu leo liko Kihesa. Hayo mtayasoma wenyewe.

Nisichotaka kiwapite ni ukuta. Kijana mmoja alipitisha kidole kwenye maungio ya matofali, akauliza, "Mwalimu, haya alifyatua nani?" Nikaanza kueleza habari za mafundi wa misheni, kwa kirefu, kama mnavyonijua. Mama mmoja aliyekuwa anafagia akanikatiza bila kuinua kichwa:

"Babu zetu. Padri alishika timazi tu."

Kisha akatuambia tupishe, tunamchafulia sakafu.