Machinga ndio waliojaza ukumbi huu wa London

Hamjambo ndugu zangu wa nyumbani? Leo niko Waterloo, kusini ya mto Thames, na jengo mnaloliona nyuma yangu ni Old Vic, ukumbi wa maigizo. Lilifunguliwa 1818, daraja la Waterloo likiwa na mwaka mmoja tu.

Ukitaja maigizo ya Uingereza ya zamani, wengi wetu tunawaza mabwana na kofia zao ndefu. Hapana jamani. Hapa waliokuwa wakijaa ni machinga! Wauza samaki na mboga wa mikokoteni, pamoja na vijana wao. Mwandishi wa habari Henry Mayhew aliwaona kwa macho yake, miaka ya 1850 hivi. Kule juu kabisa, kwa kiingilio cha peni 3, waliingia watu 1,500 mpaka 2,000. Leo ukumbi mzima una viti kama 1,000! Joto kali, wanaume wamevua makoti. Wanawake wametundika kofia zao kwenye vyuma vya mbele, na watoto waliokaa nyuma wanazilenga kwa maganda ya machungwa.

Walitoka wapi wote hao? London ya 1801 ilikuwa na watu kama milioni 1. Kufika 1901 wamepita milioni 6. Viwanda, bandari na reli viliwavuta, na mtu akishapata ujira wake hakosi peni za jioni. Halafu sheria ya 1843 ikavunja ukiritimba wa kumbi mbili za London, Drury Lane na Covent Garden, na kumbi nyingine nazo zikaruhusiwa kuonyesha tamthilia za mazungumzo matupu.

Ila kuna jambo linaniuma. Desemba 1858, siku mbili baada ya Krismasi, ilizuka hofu ya moto humu ndani. Watu wakakanyagana kwenye ngazi za kwenda kule juu kwa bei rahisi. Wakafa 16. Walikuwa wametoka nyumbani kwenda kufurahi sikukuu.

Mwaka 1880 akaja mama mmoja, Emma Cons, akauchukua ukumbi, akapiga marufuku pombe. Baadaye akaanzisha mihadhara ya sayansi kwa peni 1, na wale wale wa viti vya juu wakaja kusikiliza. Mihadhara hiyo ndiyo iliyozaa Morley College, chuo cha watu wazima wanaofanya kazi, ambacho mpaka leo kinafundisha. Hakiko mbali, twendeni niwaonyeshe.