Namba Iliyotoka Maabara

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Sikuja na michoro leo. Nimekuja na hesabu moja ya kuzidisha.

Mwaka 2021 jarida moja kubwa la madaktari wa Marekani lilitoa kipindi cha sauti, na katika kukitangaza likauliza: ikiwa hakuna daktari mbaguzi, ubaguzi wa kimfumo katika tiba, yaani ule uliomo ndani ya taratibu zenyewe, utatoka wapi? Kelele zikapigwa, tangazo likafutwa, mhariri mkuu akaachia ngazi. Nami naona ni hasara, kwa kuwa swali lile wengi wanaliuliza kimoyomoyo na lina jibu.

Jibu liko kwenye figo. Figo zikichoka, taka iitwayo kreatinini hujaa katika damu. Maabara huipima, huiingiza kwenye kanuni pamoja na umri na jinsia, na inatoka namba inayokadiria uwezo wa figo. Kanuni iliyoenea Marekani tangu 2009 ilikuwa na kipengele cha ziada: mgonjwa akiwa Mweusi, jibu lizidishwe kwa 1.159. Watafiti hawakukizua hewani. Katika tafiti, Weusi walikutwa kwa wastani na kreatinini nyingi kuliko wengine wenye figo za uwezo uleule, ikadhaniwa ni kwa sababu ya kuwa na misuli mingi zaidi.

Sasa wachukueni wagonjwa wawili, umri mmoja, jinsia moja, kreatinini ileile. Mweupe anapata 18. Mweusi anapata karibu 21. Na kule, mgonjwa ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa mashine huanza kuhesabiwa muda wa kungoja figo ya kupandikizwa akifika 20 kwenda chini. Mmoja ameshaingia foleni, mwenzake anaambiwa aendelee na kliniki. Daktari anayemwambia hivyo huenda ni mpole kuliko sisi sote humu ndani. Huenda naye ni Mweusi. Namba imeletwa, yeye anaisoma tu.

Najua kuna anayesubiri kunyosha mkono aseme kinachowaumiza Weusi wa Marekani ni umaskini. Umaskini unaua, sibishi. Ila CDC, taasisi ya serikali ya Marekani, ilitoa takwimu mwaka 2019: wanawake Weusi wenye shahada walikufa kwa sababu za ujauzito kwa kiwango mara 5.2 ya Weupe wenye shahada. Hata Weupe ambao hawakumaliza sekondari walikuwa na nafuu kuliko hao wasomi.

Na anayesema ni vinasaba atazame Mississippi, jimbo la kusini mwa Marekani, ya miaka ya 1960. Serikali kuu ilipoanzisha Medicare, bima ya afya ya wazee, mwaka 1966, hospitali iliyowatenga Weusi haikupata fedha zake. Milango ikafunguliwa, na vifo vya vichanga Weusi kwa kuhara na nimonia vikashuka haraka. Hakuna kinasaba kinachobadilika kwa miaka mitano.

Lakini na sisi tunaoshikilia hoja hii ya ubaguzi wa kimfumo tuna ya kujibu. Mwaka 2020 ulitoka utafiti kutoka Florida uliosema vichanga Weusi hunusurika zaidi wakihudumiwa na daktari Mweusi. Tuliupokea kwa vifijo. Mimi mwenyewe niliutaja majukwaani. Mwaka 2024 watafiti wengine wakazirudia takwimu zilezile, safari hii wakizingatia ni watoto gani walizaliwa na uzito mdogo mno, na tofauti ile karibu yote ikayeyuka. Kumbe vichanga mahututi walikuwa wakipelekwa zaidi kwa madaktari Weupe. Sijautaja tena, isipokuwa namna hii.

Turudi kwenye figo, ambako kosa lilipatikana na jina lake. Kipengele cha rangi kiliondolewa kwenye kanuni mwaka 2021. Mwaka 2023 hospitali za upandikizaji ziliamriwa zipekue mafaili na kuwarudishia wagonjwa Weusi muda waliopunjwa. Zaidi ya 14,000 wakasogezwa mbele. Hao ni wale waliokuwa bado hai kwenye foleni.