Korosho haikaririwi

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine hamjambo. Naona mnacheka, mwalimu kaja na korosho zake tena. Ndiyo, nimekuja nazo. Mwaka jana mlipiga makofi hapahapa, mkarudi nyumbani mkaendelea kuwachapa watoto kwa kukosea hesabu, kwa hiyo leo narudia: mtoto anajifunza kwa kufanya na kukosea, siyo kwa kuchapwa na kukariri.

Bibi yangu wa Newala hakujua kusoma hata herufi moja. Akitaka kukaanga korosho anachukua bati kuukuu alilolitoboatoboa kwa msumari, analitega juu ya mafiga, anamwaga korosho na maganda yake, anakoroga na fimbo ndeefu maana yale mafuta ya ganda yakishapata moto yanaruka, yakikurukia utajua hujui. Ninyi mnaobangua mnanielewa, ngozi inakuwa nyeusi afu inababuka, ndo maana mnapaka majivu mikononi. Na moshi wake usiseme.

Sasa mimi mtoto wa miaka nane namuuliza, bibi, nitajuaje zimeiva? Kimya. Nauliza tena, kimya. Akanipa fimbo. Nikakoroga wee, maganda yakashika moto, nikatupa fimbo nikatimua mbio, kugeuka zote mkaa. Mnadhani alinichapa? Alibangua moja akanilisha. Chungu mpaka machozi. Akasema haya, ya kuungua ushaijua, kesho tutafute iliyoiva. Kesho yake kwa uoga nikaziepua mapema, kubangua mafuta bado yamo, midomo ikavimba nikacheka upande mmoja siku mbili. Siku ya tatu nikazimwaga mchangani kwa wakati wake na hakuna aliyeniambia, macho yenyewe yalishajua.

Najua kuna baba anasema moyoni, mwalimu huyu anataka watoto wetu waungue. Sijasema hivyo! Bibi alikuwa amekaa hatua mbili na mchanga wake tayari kwenye ndoo. Alikuwepo. Wewe upo? Wewe unaona matokeo mwezi wa kumi na mbili ndo unamkumbuka mtoto.

Mwingine atasema hii ni dunia ya kompyuta, korosho za nini. Sawa, muulize fundi simu wako pale stendi kajifunzaje, ukimbana atakuambia aliua simu mbili za mjomba wake kwanza.

Ninachoumia ni hiki, nina mwanafunzi wa kidato cha tatu anakutajia asidi zote kama kasuku, afu nikamuuliza kinachombabua mama yako mikono ni nini, akaniambia "ni korosho tu mwalimu". Korosho tu! Ndani ya lile ganda kuna asidi, mwanangu, na mafuta yake wenzetu wanayatumia kutengenezea breki za magari. Na mkorosho na mwembe ni ndugu, ndo maana kuna watu wakimenya embe midomo inawasha. Hiyo ni kemia na baiolojia, ipo uani kwake, kaifagia asubuhi akaenda shule kukariri ya kwenye ubao.

Nilitaka kusema kuhusu hasira pia ila naona mwenyekiti ananionesha saa. Kwa kifupi, mzazi ukiwa na hasira usifundishe, nenda kanywe maji. Mtoto anayetetemeka hasikii somo, anasikiliza mkono wako uko wapi.

Na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula, jamani, dakika moja tu mwenyekiti. Watoto wanaona aibu kubeba ming'oko shuleni, eti chakula cha porini. Porini ndiyo, sasa wewe kaichimbe tuone kama utajua mzizi upi ni upi. Bibi alikuwa anachimba, kichwa cha mzizi anakifukia tena shimoni ili mwakani ajue pa kurudi.

Haya nimekaa. Korosho ziko kwenye beseni pale mlangoni, zilizoungua ni za mjukuu wangu, kakaanga mwenyewe jana. Mzionje nazo.