Trekta za Shubiri Moja: Mhadhara kwa Waswahili wa Waterloo, Iowa

Wazee, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu wa Goma na Bukavu, wa Bujumbura, wa Kigoma na Mombasa, ahsanteni kwa kuacha mpira jioni hii mkaja kusikiliza habari za trekta za kuchezea. Naona kuna wanaotabasamu. Tabasamuni tu.

Humu ukumbini kuna watu wanaounda trekta za kweli. Kampuni ya Deere ilinunua kiwanda cha injini hapa Waterloo mwaka 1918, na trekta kubwa za kijani zinatoka hapahapa hadi leo. Ninyi hizo mnazijua nati kwa nati. Lakini mkishika barabara namba 20 kwenda upande wa Dubuque, mwendo wa saa moja hivi, mtafika mji mdogo wa Dyersville. Huko trekta hizohizo zimepangwa juu ya meza, kila moja urefu wa shubiri, na wazee wenye mikono migumu ya kazi wanazigeuzageuza na kukagua ekseli kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Nimesimama hapa kuwaeleza kwa nini.

Mambo yalianzia Dubuque mwaka 1945. Fundi mmoja wa kumimina madini, Fred Ertl, alianza kuunda trekta ndogo nyumbani kwake, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Vita vilikuwa vimekwisha na mabaki yake yalipatikana kwa bei rahisi. Ertl akachukua pistoni za injini za ndege za kivita, akaziyeyusha, akamimina alumini yake kwenye kalibu za mchanga. Familia nzima ilishika kazi. Mwaka 1959 kampuni yake ilihamia Dyersville, na mji ukachukua sura ya kazi hiyo.

Hakuwa wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na kampuni ya Arcade ya Freeport, Illinois, waliokuwa wakitoa trekta ndogo za Fordson za chuma cha kumimina, nzito kiasi kwamba ikikuangukia mguuni utaikumbuka. Ila Ertl alifanya jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo lililozaa yote yaliyofuata: alikubaliana na makampuni yenyewe ya trekta. Walimpa michoro yao, na yeye akaunda mfano uliofanana na trekta iliyoko shambani, jina na rangi vikiwa vilevile. Vipimo vyake ni moja kwa kumi na sita. Trekta ya mita tatu na nusu inakuwa sentimita ishirini na kitu. Uingereza, kampuni ya Britains ilizoea zaidi moja kwa thelathini na mbili, na kampuni ya Siku ya Ujerumani vilevile.

Sasa fikirini trekta hiyo ndogo iliuzwa wapi. Iliuzwa kwa wakala yuleyule wa trekta kubwa. Baba ameingia kutafuta beringi au kubishana bei ya trekta mpya, mtoto wa miaka mitano amesimama mbele ya rafu. Wakala si mjinga. Mtoto anatoka na Farmall nyekundu, ya kampuni ya International Harvester, mkononi, na tangu siku hiyo yeye ni mtu wa nyekundu. Ukimkuta leo ana miaka sabini, muulize kuhusu ya kijani, utaona uso unavyokunjamana. Ninyi mnaoshabikia Simba na Yanga hamhitaji maelezo zaidi.

Lakini kumpa mtoto kitrekta ni jambo moja, na mtu mzima kulipa mamia ya dola kwa kitrekta kilekile ni jambo jingine. Hapo katikati kuna miaka ya 1980, na wengi mnaoishi Iowa leo hamjasimuliwa miaka hiyo. Wakulima walikuwa wamekopa kwa wingi wakitegemea ardhi yao kama dhamana. Riba ikapanda mno, bei ya mazao ikaanguka. Kati ya 1981 na 1986 bei ya ardhi ya Iowa ilishuka karibu theluthi mbili. Benki zikadai chao. Mashamba ya babu na baba yakapigwa mnada, trekta zikiwa zimepangwa uani na majirani wakinunua huku wakikwepa kumtazama mwenyewe machoni.

Makampuni nayo yakaanguka. Mei 1985 trekta ya mwisho ya International Harvester ilitoka kwenye kiwanda cha Farmall kule Rock Island, Illinois, na kitengo cha kilimo kikaunganishwa na kampuni ya trekta ya Case. Desemba mwaka huohuo, Allis-Chalmers wenye rangi yao ya chungwa waliunda trekta ya mwisho West Allis, Wisconsin. Trekta za Oliver zilikuwa zimeshatoweka katika miaka ya 1970.

Na jumba la makumbusho la trekta za kuchezea pale Dyersville lilifunguliwa lini? Mwaka 1986. Katikati ya dhiki hiyohiyo. Sisemi kwamba jambo moja lilizaa jingine moja kwa moja. Nasema mtu aliyepoteza shamba la ekari mia tatu na Farmall M ya baba yake hawezi kuirudisha, na hata angeirudisha hana pa kuiweka. Lakini ya shubiri moja inakaa kabatini, na benki haitaidai. Ndiyo maana mkusanyaji wa kweli hatafuti trekta yoyote nzuri. Anatafuta ileile, yenye taa upande uleule na kiti kilekile. Asipoipata anakata, anachomelea na kupaka rangi upya mpaka ilingane na ya nyumbani.

Kila mwanzoni mwa Novemba wakusanyaji hujaa Dyersville kwa maonyesho. Mwezi huo una maana yake: mahindi mengi yameshaingia ghalani. Ukitega sikio kwenye meza, nusu ya maongezi hayahusu vitrekta kabisa. Ni bei ya dizeli, mvua iliyochelewa, kombaini iliyokata mkanda siku mbaya, na unyevu wa mahindi. Wao wanabishana juu ya unyevu wa asilimia 15. Wale mliouza mahindi kwa bodi ya nafaka Kenya mnakumbuka 13.5, na mlivyorudishwa getini. Wanaongea kwa busheli, na busheli moja ya mahindi ni kilo 25 na nusu hivi. Mtu akikwambia amepata 200 kwa ekari, amevuna zaidi ya magunia 56 ya kilo 90. Mkishajua hesabu hiyo mnaweza kuketi nao na kuchangia.

Tena msiende mikono mitupu. Utotoni kwetu wengi tuliunda trekta za waya, tairi za kandambili, kubwa nyuma na ndogo mbele, tukiigiza Massey Ferguson tulizoziona barabarani. Mpigie mzee mmoja picha ya hiyo trekta ya waya umwonyeshe. Atakuuliza usukani uliufungaje, na mazungumzo yatachukua mchana mzima.

Ndugu pale nyuma ameuliza kama amnunulie mwanawe. Mnunulie, lakini usiguse zilizo ndani ya maboksi ya zamani. Boksi ambalo halijachanika laweza kupandisha bei kupita ubora wa trekta yenyewe, kwa sababu watoto wote waliyachana maboksi. Mtafutie za moja kwa sitini na nne, ndogo za kuingia mfukoni, au za plastiki za moja kwa kumi na sita. Ertl siku hizi ni mali ya TOMY wa Japani, na za aina hizo ziko madukani mwaka mzima. Kwenye meza za mitumba, geuza trekta uangalie tumboni: ukiona rangi mpya imefunika skrubu za zamani, imepakwa upya, na hapo unayo haki ya kuomba upunguziwe.